Mto Haupitiki

Watu wa Gongoni watakwambia kwamba mjane wa Idi alicheka msibani, na hawajasema uongo. Nilicheka, tena kwa sauti, mpaka binti yangu Rehema akanibana mkono. Nilikuwa chumba cha ndani pamoja na wanawake, nimekaa mkekani nimejitanda kanga, na nje uani Kondo alikuwa amevaa koti la marehemu. Kondo ni Mzaramo aliyehamia Tabora ujanani akaoa hapa, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo tuna utani wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakitua mizigo kwao pwani na wao wakipanda kuja kwetu. Mtani ana haki zake msibani. Atavaa nguo za marehemu, ataiga mwendo wake, atalizuia jeneza mlangoni, atayasema yale ambayo ndugu wanayameza, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Kondo alikunja suruali mpaka magotini, akapita uani kwa ule mwendo wa Idi wa kutanguliza bega, akafika kwenye kidimbwi cha maji ya kunawia. Akatia mguu, akautoa upesi kana kwamba ameungua. "Rudini kibandani, jamani!" akapiga kelele kwa sauti ya Idi yenyewe. "Mto haupitiki! Bi Zuhura, teleka chai, mto haupitiki! Na wewe binti tulia, mto huu haupitiki mpaka posa ijibiwe!" Wanaume wakacheka, wanawake wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuwa ile ilikuwa sauti yake hasa, na kwa kitambo kile kifupi nilikuwa nimempata tena mume wangu.

Baadaye, walipokwisha kumchukua na nyumba ikabaki na sauti ya wanawake wakiosha masufuria, nilianza kuyatafuna yale maneno. Kidimbwi kile maji yake hayakufika hata kwenye kifundo. Mtani haigizi kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana watu hucheka. Nikajiambia kwamba mzee Kondo amezeeka na anatafuta chakula cha bure, nikageukia ukuta. Lakini mtu anayekaa eda hana kazi nyingine ila kufikiri. Nimevaa nyeupe, sijipaki manukato, sitoki bila dharura, sizungumzi na wanaume wasio maharimu zangu ila kwa haja na nyuma ya pazia. Kutwa ninatazama dirisha moja, sanduku moja, na kitanda ambacho nusu yake haikaliwi. Wenzangu wakija kunitazama husema, "Pole kizuka," kama aitwavyo mjane aliye edani, "ulipata mume." Ndiyo, nilipata mume. Hakunipiga, hakuninyima, hakuniolea mwenza. Swali lililonikaa kooni ni kama mimi nami nilipatikana kwa njia ya halali, au kama niliwekewa tundu, nikaingia, kisha mlango ukasukumwa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimechaguliwa kwenda kusomea uuguzi. Mtaani kwetu Kanyenye ilikuwa habari kubwa. Watu ambao hawakuwahi kuniita kwa jina wakaanza kuniita "nesi" kabla sijajua hata kupima homa. Nilikuwa na shauku ya kazi ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukitaka, na nitasema wazi kwamba mpaka leo sijapata kitu kingine nikakitaka hivyo. Siku ya kuripoti ilikuwa bado, na shangazi yangu Bi Zuhura, mpishi aliyekuwa akikodiwa na watu wanaopeleka wageni milimani, akasema nifuatane naye safari moja nimsaidie jikoni, nipate shuka, ndoo na viatu vya chuoni. Tulipanda treni kwenda magharibi, tukashuka, tukapakiwa kwenye lori, na lori lilipochoka tukaanza kwa miguu. Njia yenyewe sehemu ya mwanzo ni ileile ya misafara ya zamani, kisha inaiacha nchi tambarare na kupanda milima mirefu inayokwenda kuishia ziwani. Huko juu kulikuwa na vibanda vya watu wa misitu, vya udongo na mabati, kila kimoja mwendo wa kutwa kutoka kwa mwenzake. Unatembea mchana, jioni unalala kibandani, asubuhi unafunga mizigo unakwenda kutafuta kibanda kingine.

Mkuu wa msafara alikuwa Idi, kijana mwembamba wa Gongoni, mpole, mwenye tabia ya kuuliza watu kama wamekula kabla yeye hajala. Mbeba vyombo wetu alikuwa Kondo, na Kondo mdomo wake haukuwa na likizo. Alitutania Wanyamwezi tangu kituo cha treni. "Mnyamwezi mtwike jiwe," alikuwa akiwaambia wale wageni, "atakuuliza linakwenda wapi. Hatakuuliza la nini." Bi Zuhura alikuwa akimrushia maganda ya viazi na kumwambia babu yake alizikwa bila sanda. Nilifurahi, siwezi kukana. Sikuwahi kuona ukungu ukitambaa chini ya miguu yangu, wala mianzi imejaa mlima mzima, wala kuona pumzi yangu mwenyewe asubuhi. Tuliwafikisha wageni ziwani salama, mashua ikawachukua, tukaagana nao kwa kupungiana mikono. Kilichobaki ni sisi wanne kurudi na vyombo kwa njia ileile, kibanda kwa kibanda, mpaka barabarani. Nilikuwa na wiki nzima na zaidi kabla ya siku yangu ya chuo.

Mvua za kwanza zilikuja mapema mwaka ule. Zilitukuta kwenye kibanda cha katikati, kile kilichokuwa juu ya bonde, na kati yetu na kibanda kinachofuata kulikuwa na mto. Wakati wa kwenda tuliuruka kwa kukanyaga mawe, na Bi Zuhura hakuvua hata viatu. Sasa tuliusikia kutoka mbali, ukinguruma. Idi akashuka kwenda kuutazama, akarudi amelowa mpaka kwapani, midomo imemkauka. "Haupitiki," akasema. Hakukuwa na mtu wa kumbishia. Sauti yake ilitosha. Tukaweka mizigo chini, tukawasha moto, tukakaa.

Sijui nieleze vipi kibanda kile kwa mtu ambaye hajakaa ndani yake. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda cha fito cha wanawake upande huu, mkeka wa wanaume upande ule, katikati tumetundika turubai la wageni kwa ajili ya heshima. Moto uliwaka humohumo ndani, na moshi ulipokosa pa kutokea ulishuka kutulalia machoni. Nguo hazikukauka. Unga ulianza kushika uvundo. Tuliokolewa na mfuko wa michembe ambao shangazi alitoka nao nyumbani, vile viazi vikavu vya kwetu. Alivipika kwa karanga asubuhi na alivipika kwa karanga jioni, na Kondo akasema kwamba akitoka humo salama hataki kukiona kiazi mpaka kiama. Hakukuwa na pa kwenda. Nje mvua, chini mto, nyuma yetu milima tuliyokwisha kuipanda. Nilikuwa nikikaa mlangoni na kutazama ile njia ikiteremka kuingia kwenye ukungu, nikihesabu kwa vidole siku zilizobaki, na kila kidole nilichokikunja kilikuwa kinaniuma kweli. Sikumwambia mtu. Usiku nililia kwa kufungua mdomo tu, ili shangazi asisikie.

Kila asubuhi mmoja wa wanaume alishuka kwenda kuutazama mto, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile. Hapa ndipo inipasapo kueleza jambo ambalo mtu wa milimani ataliona la kitoto. Mimi ni mtu wa Tabora. Nchi yetu ni tambarare, na mto wa kwetu ukijaa, umejaa. Maji yanatanda mbugani yanakaa, watu wanazunguka mwezi mzima, hata miwili, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kwa hiyo nilipoambiwa asubuhi ya kwanza kwamba mto umejaa, kwangu ulikuwa umejaa wa msimu. Mvua ilipokatika na jua kuchungulia, haikunijia hata siku moja kwenda kutazama mwenyewe. Shangazi naye ni wa Kanyenye, aliuogopa mto akiwa kitandani. Tulikaa tukachambua karanga. Siku moja Kondo alirudi na uyoga amefunga kwenye shati lake, uyoga mnene mweupe ambao hatukuwa tumeuona tangu tufike, na shangazi aliupika kwa chumvi na pilipili tukala tukalamba vidole. Nilimsifu Kondo. Alinitazama, akamtazama Idi, kisha akachukua uyoga mwingine.

Siku ileile, au ya pili yake, nilikuwa ndani nikifagia majivu nikawasikia shangazi na Idi wakizungumza nyuma ya ukuta. Idi alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Kisha shangazi akasema, "Muulize mwenyewe. Mbele yangu." Nilidhani wanazungumza habari ya unga, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiupima. Jioni tulipoketi kula, Idi alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, hakumega tonge. Akasema, "Mwajuma, tukikaa hapa mpaka mto utulie kabisa, wewe utaona vibaya?" Kondo aliacha kutafuna. Shangazi alitazama sinia. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, na moyoni nilikuwa na chuo changu chote, kengele zake, vitanda vyake, kofia yake nyeupe. Ningesema nini? Kusema naona vibaya ilikuwa ni kumwambia mtu mzima aingie kwenye maji ya kifo ili mimi niwahi masomo, tena kumwambia hivyo mbele ya shangazi yangu, mimi niliyefunzwa kwamba mwanamwali akiulizwa na mwanamume mbele ya mkubwa wake hutazama chini. Nikatazama chini. Idi akangoja, akangoja tena, kisha akasema, "Haya." Jioni ile alikula kuliko sote.

Siku nyingi baadaye Idi alisema mto umetulia, tukauvuka kwa kukanyaga mawe, na tulipofika Tabora siku yangu ilikuwa imepita. Nafasi alikuwa amepewa mwingine, na aliyeniambia hayo hakuwa na ubaya, alisema tu kwamba nao wana utaratibu. Nililala kitandani kwetu siku nyingi nikitazama dari. Waliokuwa wakiniita nesi wakaendelea kuniita, sasa kwa mzaha. Posa ya Idi ikaja ikinikuta hivyo, sina chuo, sina kazi, na shangazi ananisifia kijana mtulivu aliyetulinda milimani asituache tukazama. Wakaja kuniuliza ridhaa yangu kama dini inavyotaka. Nilinyamaza. Nje wakapiga vigelegele, kwa kuwa kila mtu anajua ukimya wa mwari ndio ndiyo yake. Sikuwa nimekataa wala sikuwa nimekubali. Nilikuwa sina kwingine pa kwenda, na mtu asiye na kwingine hunyamaza vizuri sana.

Nimekaa na Idi miaka ya kutosha kuzeeka. Tulifungua mgahawa Kanyenye, tukazaa, tukasomesha. Nilimpenda, hilo nalo nilitie humu, maana wasomaji wengine hupenda kusikia kwamba mwanamke aliyefungiwa hakupenda kamwe. Mapenzi yalikuja polepole, kati ya mtoto wa kwanza na wa pili, nilikuwa sijayangoja. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukielewa. Majirani walikuwa wakiniletea watoto wao wenye majipu na vidonda, kwa lile jina la nesi, nami nikiwasafisha na kuwafunga. Kila aliponikuta na kidonda cha mtu mkononi, Idi alisimama mlangoni ananitazama, kisha anatoka, na jioni hakosi kurudi na kitu: doti ya kanga, chungwa kubwa, sabuni ya manukato. Nikimuuliza ya nini, anasema, "Wewe chukua tu." Nilidhani ananihurumia. Nilimuuguza mwenyewe miezi yake ya mwisho, nikampindua, nikamsafisha, nikampa dawa kwa saa zake, na siku moja akanishika kiganja akasema, "Ungekuwa nesi mzuri." Nikamwambia, "Mto ule." Akafumba macho akatabasamu. Lile tabasamu sikulielewa pia.

Kondo alikuja kunitazama wiki iliyopita, baada ya alasiri. Aliketi barazani chini ya dirisha langu, pazia limeshushwa, na Rehema alikuwa ndani nami akichagua mchele. Nilimsikia akihema kabla ya kusalimia, naye amezeeka.

"Assalaamu aleikum, kizuka."

"Wa aleikumu salaam, Mzaramo. Karibu."

"Mwenzio amekwenda kupumzika, wewe amekuachia kifungo. Hao ndio Wanyamwezi."

Sikucheka. "Kondo," nikasema, "nakuuliza habari ya ule mto."

"Mto upi, shemeji? Nchi hii ina mito mingi."

"Unaujua. Ulipokuwa ukishuka kuutazama, maji yalikuwa yakifika wapi?"

"Mimi mtani. Maneno ya mtani hayapelekwi kwa kadhi."

"Sikupeleki kwa kadhi. Nakuuliza."

Aliposema tena, ile sauti ya msibani alikuwa ameiweka kando. "Siku tuliyofika yalikuwa maji ya kuua. Kesho yake, kiunoni. Siku iliyofuata nilivuka, nikatembea ng'ambo, nikachuma uyoga, nikarudi. Magoti yangu hayakulowa. Mto wa mlimani ndivyo ulivyo, shemeji. Unajaa kwa hasira, unapungua kwa aibu."

Mkono wa Rehema ulisimama juu ya ungo. Mimi nilijikuta nimeshika ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hivyo, lakini kujiandaa hakukunisaidia. Nilimwona msichana yule pale mlangoni anakunja vidole, na chini yake bondeni maji yamepungua, mawe yako nje, njia iko wazi mpaka barabarani, mpaka kituo cha treni, mpaka chuoni. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilimkasirikia mtu ambaye nimevaa nyeupe kwa ajili yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kukwambia?" Kondo alishangaa, na ule haukuwa mshangao wa kuigiza, nimemfahamu muda mrefu, ningeujua. "Shemeji, mimi nilidhani unajua. Ule uyoga uliupika wewe na shangazi yako. Upande wetu ulikuwa unaota wapi?"

"Mimi nijuaje uyoga wa milimani unapoota?"

"Na Idi alikuuliza! Mbele ya mkubwa wako, mbele yangu mimi. Aliniambia, 'Kondo, akiwahi chuo nimemkosa, lakini siwezi kumzuia mtoto wa watu bila idhini yake, nitamuuliza.' Alikuwa akitetemeka, hukumwona? Akakuuliza kama utaona vibaya, nawe ukanyamaza. Binti anaulizwa, anainamisha kichwa, ananyamaza. Tungeelewa nini? Alitoka nje akasujudu kwenye matope. Mpaka juzi, anaumwa, ananiambia, 'Kondo, mwanamke yule aliacha chuo kwa ajili yangu, nitamlipa nini mimi?'"

Rehema alianza kulia, kimya, machozi yanadondoka kwenye mchele. Mimi sikulia. Nilikuwa nikizipitia zile kanga na yale machungwa, moja baada ya jingine. Miaka yote ile nilikuwa nikipokea shukrani za kitu ambacho sikukitoa. Mume wangu hakudhani ananidanganya, na hilo lilinikasirisha zaidi ya uongo, maana uongo ningejua pa kuuweka. Alichukua kimya changu akajenga nyumba juu yake, akaishi humo kwa furaha na adabu, na mimi niliishi humo pamoja naye nikidhani imejengwa na mvua.

"Shangazi naye alijua?" nikauliza.

"Bi Zuhura alisema ukinyamaza, basi umekubali." Kondo akakohoa. "Niwie radhi, shemeji. Kama nilikosa, nilikosa bila kujua. Mimi leo nipo, kesho sijui. Niwie radhi."

Nilikuwa na maneno mengi mno, na hakuna hata moja lililokuwa tayari. Shangazi yuko kaburini, Idi yuko kaburini, huyu mzee peke yake ndiye aliyebaki wa kuulizwa, na alikuwa akiomba kitu kidogo ambacho kila Mwislamu hupewa. Nikatazama mchele. Muda ukapita. Nje nikasikia mkongojo wake ukigonga sakafu, makubadhi yakitafutwa, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi," Kondo akasema. "Ahsante, shemeji. Mungu akulipe."

Nikainuka nikalivuta pazia, eda na yote. Alikuwa amekwisha kunipa mgongo.

"Kondo, rudi ukae," nikamwambia. "Nimenyamaza tu. Sijakubali."